Mtoto wa miaka miwili anaitembeza tu baiskeli isiyo na pedali, hataki kuikalia. Tumwekee vigurudumu vya pembeni?

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne. Wiki tatu zilizopita tulimletea baiskeli isiyo na pedali, ile ya kusukuma kwa miguu. Anaipenda, kila akiamka anaiulizia, ila hakai. Anasimama katikati yake, anashika usukani, anatembea nayo mpaka achoke, kisha anaiangusha na kwenda zake. Nikimkalisha kwenye kiti na kumshika, anapiga kelele. Baba yake anasema tumepoteza muda, turudi kwenye baiskeli ya kawaida yenye vigurudumu viwili vya pembeni, kama aliyojifunzia yeye. Tunakosea wapi?

Jibu: Mama, kutembea nayo akiwa amesimama ndiyo hatua ya kwanza, na kwa mtoto wa umri huo wiki tatu si nyingi. Yuko kazini huyo. Anaupima uzito wa chombo chake, anaona usukani unavyoyumba akiugusa kidogo, anajua kinaangukia wapi akikiachia. Wapo wanaokaa siku ya pili. Wapo wanaotembea hivyo miezi miwili, halafu siku moja wanakaa bila kuambiwa na mtu. Ila kuna jambo katika maelezo yako lililonifanya nishuku kitu kingine: akikalishwa anapiga kelele. Nikisikia hivyo, kabla sijamuuliza mtu habari za mtoto, nauliza habari za kiti. Mara nyingi kiti kiko juu mno.

Fanya hivi leo. Mvalishe viatu atakavyovaa akiendesha, msimamishe mgongo ukigusa ukuta, kisha chukua kitabu chembamba chenye jalada gumu ukipitishe katikati ya mapaja yake, mgongo wa kitabu ukielekea juu, ukiinue taratibu mpaka kiguse. Pima kutoka sakafuni hadi pale kitabu kilipofika. Huo ndio urefu wa mguu kwa ndani, na ndio kipimo kinachohesabika, kuliko umri wala kimo. Kiti kiwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita 2 au 3. Ukipata 35, kiti kiwe 32 au 33. Akikaa, nyayo zote mbili zilale bapa chini, visigino vikiwemo, na magoti yabaki yamekunjika kidogo.

Watu wazima tunakosea hapa kwa sababu tunakumbuka baiskeli zetu. Sisi tukikaa, tunagusa chini kwa ncha za vidole, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa mwenye pedali. Mtoto anayesukuma kwa miguu akiwa anachuchumia hana nguvu ya kusukuma, hana namna ya kusimama, na anahisi kwamba ameondolewa ardhini. Kelele unazozisikia ni za akili timamu kabisa. Upande wa pili nao una hasara yake: kiti kikiwa chini sana, magoti yanapanda mpaka karibu na usukani na mtoto anachoka haraka, basi anaona heri asimame. Ikiwa kiti kimeshushwa hadi mwisho na bado kiko juu ya kipimo chake, hapo hakuna la kufanya. Baiskeli ni kubwa, ngojeni miezi michache akue. Na mkipandisha kiti siku za mbele, msivuke ule mstari uliochongwa kwenye mhimili wa kiti kuonyesha mwisho wa kuvuta, maana ukipita hapo chuma kinachobaki ndani ya fremu ni kifupi mno kubeba mtu.

Kitu cha pili ni uzito. Ipimeni: mmoja wenu apande kwenye mizani mikono mitupu, kisha apande ameishika baiskeli, mtoe kipimo cha kwanza katika cha pili. Kipimo ninachokitumia ni kwamba isizidi asilimia 30 ya uzito wa mtoto, na ikipungua hapo ni afadhali zaidi. Mtoto wa kilo 12 anatakiwa awe na baiskeli ya kilo 3 na nusu hivi. Sentensi yako kwamba anaiangusha na kwenda zake yaweza kuwa ni kuchoka tu, lakini mtazame siku moja kama anaweza kuiinua mwenyewe ikiwa imelala. Asipoweza, kila ikianguka inambidi akuite, na mtoto wa miaka miwili hapendi kukuita.

Sasa nije kwa baba yake, kwa kuwa hoja yake si ya kupuuza. Watu wengi sana walijifunza kwa vigurudumu vya pembeni na leo wanaendesha vizuri. Swali ni je, vigurudumu vile vilifundisha nini? Vilifundisha kukanyaga pedali. Na kukanyaga pedali ndiyo sehemu nyepesi: mtoto mwenye baiskeli ya magurudumu matatu huijua kwa siku chache. Sehemu ngumu ni kutoanguka, na hiyo haifundishwi na chombo ambacho hakiwezi kuanguka.

Mwambie baba yake asimamishe fimbo wima juu ya kiganja. Ikianza kuinamia kushoto, mkono wake utakwenda kushoto wenyewe, uifuate, urudi chini yake. Baiskeli iko hivyo hivyo. Ikiinamia kushoto, mwendeshaji anageuza usukani kushoto kidogo, magurudumu yanakwenda upande ule na kurudi chini ya mwili. Ikiinamia kulia, kadhalika. Mambo haya hutokea tena na tena kila dakika, kwa mageuzo madogo ambayo mwendeshaji mwenyewe hayaoni. Hakuna mzazi awezaye kumweleza mtoto wa miaka miwili neno hilo akalielewa. Mikono yake ndiyo italielewa, kwa kuyumba mara nyingi akiwa na miguu karibu na ardhi.

Huenda akakujibu kwamba baiskeli husimama kwa sababu magurudumu yanazunguka, kama pia ya kuchezea. Wengi wetu tuliambiwa hivyo. Mwaka 1970 mwanakemia Mwingereza David Jones alitengeneza baiskeli yenye gurudumu la ziada lililozunguka kinyume ili kuiua nguvu hiyo ya mzunguko, akaipanda na kuiendesha bila taabu kubwa. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walionyesha, katika jarida la Science, baiskeli iliyoondolewa nguvu hiyo ambayo ikisukumwa bila mtu juu yake bado hujisimamia yenyewe. Na kwa mtoto jambo liko wazi hata bila maabara: magurudumu yake ni mepesi, madogo, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Kinachomshikilia ni usukani.

Vigurudumu vya pembeni basi vinafanya nini? Vinaizuia baiskeli isiiname. Ikishindwa kuinama, mtoto anaiendesha kama mkokoteni: akitaka kushoto anasokota usukani kushoto, mwili unatupwa nje kulia, anaegemea kigurudumu cha kulia. Siku mkiviondoa anafanya yale yale aliyoyazoea, na anaanguka. Kwenye magurudumu mawili kona ya kushoto huanza kwa gurudumu la mbele kusogea kulia kidogo sana, ili mwili upate kuinamia kushoto. Hata mimi ninayefundisha siku zote sihisi nikilifanya. Kwa hiyo mtoto wa vigurudumu ana kazi mbili, ya kusahau na ya kujifunza, na baba yake akikumbuka vizuri atakumbuka ile wiki ya magoti yaliyochubuka baada ya vile vigurudumu kutolewa.

Nimwongezee na hili, maana huwafurahisha kina baba. Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili cha aina hii, alichokiendesha Karl von Drais mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, hakikuwa na pedali. Kilikuwa cha mbao, chenye kiti na usukani, na mtu alikisukuma kwa miguu yake chini. Kijerumani walikiita mashine ya kukimbia. Pedali zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele huko Ufaransa miaka ya 1860. Yaani watu wazima, wenye ndevu zao, waliendesha baiskeli kama ya mwanao zaidi ya miaka 40 kabla ya pedali kuja.

Ipo pia hesabu ya siku hizi. Mwaka 2022 watafiti wa Ureno walichapisha majibu ya dodoso kubwa la umri ambao watu walijifunza baiskeli. Waliopitia isiyo na pedali walikuwa wamejua kuendesha ya kawaida wakiwa na miaka 4 na kidogo, kwa wastani. Waliopitia vigurudumu vya pembeni, karibu miaka 6. Nisizidishe chumvi: hizo ni kumbukumbu za watu, na isiyo na pedali hupewa mtoto akiwa mdogo zaidi, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo ni ya kuanza mapema tu. Lakini yanakubaliana na ninayoyaona.

Turudi kwa mtoto. Kiti kikishawekwa sawa, usimkalishe. Najua ni vigumu. Mwache asimame kama anavyosimama. Kiti kikiwa pale chini ya makalio yake, kinamgusa kila hatua, ataanza kukiegemea sekunde moja, kisha mbili, kisha atasahau kusimama. Ukimnyanyua na kumweka, umechukua kitu ambacho alikuwa anakijia mwenyewe.

Na mikono yako. Usishike usukani, usishike kiti. Ukishika usukani unamnyima ile kazi ya mikono niliyoieleza kwa kirefu hapo juu; ukishika kiti, baiskeli inakuwa na vigurudumu vya pembeni viitwavyo mama. Akitaka kuguswa kwa sababu ya hofu, weka kiganja kwapani au begani, chepesi, umguse yeye na siyo baiskeli. Usimsukume. Mwendo wote utoke kwenye miguu yake, maana mwendo alioutengeneza mwenyewe anajua kuusimamisha.

Kasimame mbele yake, hatua tano au sita, chuchumaa ili uso wako uwe sawa na wake. Watoto huenda wanakotazama. Ukisimama nyuma anageuka kukutafuta na usukani unageuka naye. Ukimwambia "angalia jiwe", atalitazama jiwe na kuligonga. Mwambie "njoo kwangu". Na yale maneno "utaanguka, utaanguka" yaachwe kabisa. Hayajamsaidia mtoto yeyote niliyemwona.

Mahali pawe pagumu na pasiwe na mabonde: saruji, lami isiyo na magari, au ardhi iliyoshindiliwa. Wazazi wengi huchagua majani wakidhani ataanguka salama. Majani yanashika magurudumu, mtoto anasukuma na baiskeli haiendi, anakata tamaa. Changarawe nayo inateleza. Pawe mbali na barabara, ngazi, maji na miteremko mikali. Kama tairi ni za upepo, zibonyeze kwa kidole gumba. Tairi iliyolegea inamla mtoto nguvu bila yeye kujua ni nini. Zile ngumu za povu hazihitaji kitu, ingawa hazishiki vizuri chini penye unyevu.

Muda wenyewe uwe mfupi, dakika 10 zinatosha. Mara nyingi na kwa uchache huzidi mara moja ndefu ya mwisho wa wiki. Iache baiskeli mahali anapoweza kuifikia mwenyewe kila mnapotoka. Akiikataa kabisa, ifiche wiki mbili bila kusema neno, kisha itokeze.

Akishakaa na kutembea, mtaona hatua zinarefuka, halafu anakimbia, halafu siku moja miguu yote inabaki hewani sekunde nzima. Hiyo sekunde ndiyo tunayoitafuta. Kuserereka, tunaita sisi: miguu juu, baiskeli inakwenda yenyewe. Usishangilie kwa kelele kubwa mpaka akageuka kukutazama (nimelifanya kosa hilo, na aliyelipia ni mtoto wa watu, kwa kidevu). Anza kuhesabu kwa sauti ya kawaida, moja, mbili, tatu, na kila akishusha miguu hesabu inakatika. Wao wenyewe watataka ifike mbali. Mchezo mwingine unaofanya kazi vizuri ni wa chura: asukume kwa miguu yote miwili kwa mpigo, kama anaruka, kisha aiache. Mtoto anayetembea mguu mmoja mmoja bado anaweza kuwa anajiegemeza kila hatua. Chura hana pa kuegemea. Chora pia mistari ya chaki aifuate, au weka vijiti viwili apite katikati yake. Kona za kulia na za kushoto zote, kwa kuwa karibu kila mtoto ana upande mmoja anaoukwepa.

Mteremko unasaidia sana hapo, ila kwa masharti. Uwe mdogo kiasi kwamba mpira ukiuweka unaviringika pole pole, na mwisho wake uwe tambarare ndefu ili baiskeli iishiwe mwendo yenyewe hata mtoto asipofanya kitu. Kabla ya mteremko wowote awe anajua kusimama. Nyingi ya baiskeli hizi hazina breki; breki ni miguu. Cheza naye "twende, simama" kwenye tambarare hadi miguu yake ishuke chini kabla neno halijaisha. Kama ya kwenu ina breki ya mkono, msihangaike nayo sasa. Vidole vya mtoto wa miaka miwili havifiki wala havina nguvu ya kubana. Akikaribia miaka mitatu na nusu mwonyesheni, akitembea nayo pembeni kwanza, akibana aone gurudumu linavyokwama.

Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu vidole ndivyo vinavyoburuzwa. Helmeti tangu siku ya kwanza, hata akiwa anatembea tu, ili asijue kuwa kuna baiskeli bila helmeti. Ikae bapa, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Akishuka kwenda kupanda bembea au ngazi za michezo, mvue. Mikanda ile inaweza kunasa na kumkaba. Helmeti iliyopigwa chini kwa nguvu ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Mnaweza kujiuliza pedali lini. Nisingetaja umri. Anapoweza kuserereka huku ukihesabu hadi kumi, akakata kona pande zote mbili miguu ikiwa juu, akageuza kichwa kukujibu bila kuyumba, yuko tayari. Wengi hufika hapo kati ya miaka mitatu na nusu na mitano. Baiskeli yake ya pedali iwe ndogo kiasi kwamba akikaa miguu inagusa chini, na iwe nyepesi. Za magurudumu ya inchi 12 nyingi zina kilo 7 na zaidi, karibu nusu ya mtoto. Mwache aisukume kwa miguu kwanza kama alivyozoea, aserereke, ndipo atafute pedali zikiwa zinamsubiri. Ikiwa ni ile inayofunga breki ukikanyaga kinyumenyume, mwandae kwa hilo. Wanaoanza hukanyaga nyuma bila kukusudia, na kusimama ghafla kunawachanganya.

Kuna anayesoma haya ambaye mtoto wake ana miaka minne au mitano na baiskeli ya kawaida tayari ipo nyumbani. Huyo hahitaji nyingine. Toa pedali, shusha kiti mpaka nyayo zilale chini, na hiyo ndiyo baiskeli isiyo na pedali. Spana ya milimita 15 hufaa pedali nyingi. Tahadhari moja tu: pedali ya kushoto ina uzi wa skrubu ulio kinyume, hufunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Nimeona nyuzi zilizoharibiwa na watu wenye nguvu nyingi wasiojua hilo. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, ivute kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili hufunguka hivyo. Kwa mwanao wa miaka miwili njia hii haifai, kwani baiskeli ya namna hiyo ni nzito na pana mno kwake.

Basi pimeni mguu kwanza, shusheni kiti, kisha mpeni mwezi mzima mkiwa mmekaa pembeni. Kama baada ya hapo bado anatembea tu, nyayo zikiwa bapa, baiskeli nyepesi na mahali pazuri, niandikie tena na unieleze anavyoshika usukani: mikono imenyooka au imekunjika, na macho yako wapi.